Kaburi la Mfalme Lisilo na Kitabu cha Wageni

Orlando Magharibi, Soweto,
Johannesburg.
9 Septemba 2024.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Makaburi ya Wafalme,
Japani.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO JUU YA KABURI KUBWA LA SAKAI, NILILOKUJA KULIONA NA SIKULIONA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini ya uangalizi wako, walio juu ya ardhi na walio chini yake. Mimi huku sijambo, ila nina dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu mwezi wa tano.

Jina langu ni Polycarp Tibenda, Mtanzania wa Bukoba, mlinzi kwa taaluma. Kwa miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye mlango wa jengo moja la ofisi hapa Marshalltown, katikati ya jiji, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyepita mbele yangu bila kuandika jina lake kitabuni. Mwenye jengo mwenyewe huandika. Siku moja alikataa, nikamketisha kwenye benchi la wageni mpaka akakubali. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekulalamikia si mtalii aliyekosa cha kufanya, bali ni mtu wa lango kama wewe.

Utanisamehe kwa kuandika Kiswahili. Kiingereza ninacho cha kutosha kumzuia mtu mlangoni, lakini hakitoshi kulalamika kwa adabu. Kiswahili nilikuwa nakizungumza nyumbani na marehemu mke wangu, Nomsa, na tangu aondoke kimebaki changu peke yangu. Binti yetu anakisikia vizuri sana, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Natumaini ofisi yako haikosi mkalimani.

Nomsa alikuwa mtoto wa hapahapa Soweto. Alikimbilia Tanzania akiwa msichana, enzi za ubaguzi, akasoma Morogoro, na huko ndiko nilikomkuta nikamwoa. Nchi yake ilipofunguka akarudi kwao mwaka 1992, nami nikamfuata. Alifariki Julai 2021. Sasa, huku Afrika Kusini jiwe la kaburi haliwekwi siku ya maziko. Husubiriwa mwaka au zaidi, ndipo jiwe husimamishwa likiwa limefunikwa blanketi, ukoo hukusanyika na kuomba, kisha mgane au mjane hulivuta lile blanketi mbele ya wote na jina la marehemu husomwa kwa sauti. Baada ya hapo watu hula nyama na mambo huhesabiwa kuwa yamekwisha.

Kaka yake Nomsa, shemeji yangu Vusumuzi, amepanga tarehe ya shughuli hiyo mara nne. Mwaka 2022 nilikuwa zamu. Mwaka 2023 nilikuwa na jino. Mwaka huu, wiki ileile aliyoipanga, binti yangu Tumu, anayefundisha watoto Kiingereza huko Osaka, alikuwa amenitumia tiketi nikapumzike, nikaja kwenu. Tarehe ya nne ni Jumamosi, 28 Septemba. Vusumuzi, ambaye huniita sbali, yaani shemeji kwa lugha yao, ameniambia, "Eish, sbali, safari hii hata meno yote thelathini na mawili yakuume, blanketi litavutwa." Nikamjibu, sharp, yaani sawa kwa lugha ya mtaani kwao. Niko tayari kabisa, na naomba hilo lieleweke tangu mwanzo.

Ndiyo maana nilipofika Japani nilimwambia Tumu kwamba sitaki mahekalu wala treni za kasi. Nilitaka makaburi. Nilitaka kuona watu wakubwa wanafanyaje na wafu wao, ili siku ya shughuli nisimame mbele ya wakwe nikiwa na la kusema. Tumu akaniambia kwamba kama ni makaburi, basi kuna vilima vya kale vya kuzikia wafalme, na kikubwa kuliko vyote kiko Sakai, mwendo mfupi tu kwa treni. Yaliyonikuta huko nayaorodhesha kwa namba, kama tunavyofanya katika kitabu cha matukio.

1. Kwamba nilionyeshwa msitu.

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi tulifika. Nilivaa suti niliyofungia ndoa, kwa kuwa nilikuwa nakwenda kwa mfalme. Mbele yangu palikuwa na maji, na ng'ambo ya maji palikuwa na miti, na juu ya miti palikuwa na yangeyange. Nikamuuliza Tumu kaburi liko wapi. Akasema kwa Kiingereza chake, "Daddy, ndilo hilo unalolitazama." Nikatazama tena. Tukalizunguka lote, karibu kilomita tatu, kwa viatu vya kanisani, na kila tulipopinda kona niliuliza swali lilelile nikapewa jibu lilelile. Kwetu Bukoba wafu tunawazika migombani, nyuma ya nyumba. Babu yangu amelala mahali ambapo ukimwaga maji ya vyombo bila kuangalia inabidi umwombe radhi. Huyo ndiye marehemu mwenye ujirani. Wa kwenu amezungukwa na mahandaki matatu ya maji, kana kwamba anadaiwa kodi.

2. Kwamba umbo lake ni siri kati yenu na marubani.

Tumu alinieleza kuwa kaburi lile lina umbo la tundu la ufunguo, duara upande mmoja na pembe upande wa pili, na kwamba ndilo fahari yake. Nikamwambia nioneshe. Akanipeleka jengo la halmashauri ya mji, ghorofa ya ishirini na moja. Lifti ilikuwa safi, sina malalamiko juu ya lifti. Lakini kutoka ghorofa ya ishirini na moja niliona msitu uleule, safari hii kwa juu. Umbo nililiona kwenye picha ukutani. Mheshimiwa, nimefanya kazi ya malango miaka mingi na sijawahi kuona mtu akijenga tundu la ufunguo lenye urefu wa karibu nusu kilomita halafu akasahau kuweka mlango.

3. Kwamba hakuna kitabu cha wageni.

Hili ndilo lililonitoa jasho. Upande wa mbele kuna kiwanja cha changarawe, uzio mfupi, na lango la mawe ambalo hakuna anayelipita. Hapo alikuwepo mzee mmoja mwenye koti la bluu na kofia, wa kuwaelekeza wageni. Nikajua huyu ni mwenzangu. Nikamsogelea, nikavua kofia, nikafanya ishara ya kuandika. Akainama. Nami nikainama. Nikaandika tena hewani. Akainama zaidi. Tukaenda hivyo mpaka kiuno kikaniuma, na kitabu hakikutokea.

Mtu wa kazi hawezi kuona pengo kazini akapita. Nilichana karatasi mbili kwenye daftari langu, nikapiga mistari: Jina, Anakotoka, Saa ya Kuingia, Sababu ya Ziara, Saa ya Kutoka. Nikasimama kando ya uzio na kalamu yangu. Wa kwanza walikuwa mume na mke wenye mbwa. Waliandika. Wakafuata wazee wanne wa baiskeli. Wakaandika, na mmoja akanishukuru. Kisha wakaja wanafunzi, darasa zima na mwalimu wao, wakapanga foleni bila kuambiwa. Katika dakika arobaini nilikuwa na majina sitini na matatu, nisiyoweza kusoma hata moja, na utaratibu ulikuwa mzuri ajabu. Tumu muda wote huo alikuwa amesimama mbali, anatazama simu yake kana kwamba tumekutana tu njiani.

Nilipomaliza nikamkabidhi yule mzee karatasi zote. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama kwa muda mrefu, akaziweka mfuko wa ndani wa koti. Nataka kumtaja kwa wema, kwa kuwa ndiye mtu pekee katika idara yako aliyeelewa jambo. Tumu alinitafsiria baadaye kwamba kwenye Sababu ya Ziara karibu wote walikuwa wameandika "matembezi". Watu wanakwenda kaburini matembezi. Mimi safu hiyo sikuijaza, kwa kuwa nilikuwa kazini.

4. Kwamba tangazo lenu limepungukiwa.

Kando ya uzio kuna ubao wenye makatazo matatu: usiingie ndani, usivue samaki wala kukamata ndege, usikate miti. Nilimfanya Tumu aurudie mara tatu. Hakuna saa za kufungua. Hakuna namba ya simu ya dharura. Hakuna neno juu ya mahali pa kunawa mikono wala mahali pa chakula, wakati kila mtu anajua kwamba ukitoka makaburini lazima unawe na ule pamoja na watu. Mimi nilikula tonge la wali lililofungwa kwa mwani, peke yangu kwenye benchi, kwa sababu binti yangu alikuwa bado hajanisamehe. Samaki wenu mnawatetea kwa maandishi. Aliyekuja na uchungu wake amewekewa nini?

5. Kwamba mnamwonyesha mtu kaburi kutoka mbali.

Usije ukadhani nasemea nisilolijua. Nomsa alikufa wakati wa korona, mimi mwenyewe nikiwa hospitalini na mrija wa oksijeni puani, wodi ambayo hakuna anayeingia wala kutoka. Vusumuzi ndiye aliyenionyesha maziko, kwa simu. Alikuwa ameiinua simu juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo niliona zaidi anga kuliko watu. Niliona wanaume wenye mavazi meupe ya plastiki. Niliona jeneza likifika. Wakati linashushwa mtandao ukakatika, na uliporudi kulikuwa na kichuguu cha udongo mwekundu na Vusumuzi anauliza, "Umeona, sbali? Umeona?" Nikasema nimeona. Sikutaka kumlaumu, alikuwa amefanya alichoweza, na nilikuwa nalia. Shughuli nzima ilichukua dakika ishirini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninapokwambia kuwa kumsimamisha binadamu ng'ambo ya maji na kumwambia "ndilo hilo" ni ukatili, nasema kama mtu aliyekwisha kufanyiwa. Kaburi linatakiwa kuguswa. Linatakiwa kufagiliwa, kupandwa maua na kusemeshwa. Asiyekwenda kumwona maiti wake huyo si mlinzi, ni mtoro wa kazi, na angekuwa chini yangu ningemwandikia onyo.

6. Kwamba hamjui aliyemo.

Nimesikia, na nimesikitika, kwamba wataalamu wenyewe hawana hakika kama mfalme aliyetajwa ndiye kweli aliyelala mle, kwa kuwa hawaruhusiwi kuingia kuchunguza. Mmelinda karne kumi na tano na zaidi mtu ambaye mnamkisia. Jengo langu lina ghorofa tisa, na saa yoyote ukiniamsha nitakwambia nani yumo na yuko ghorofa ya ngapi. Siku nitakapojibu "tunadhani" nitafukuzwa kazi, tena kwa haki. Tiba ni nyepesi: fungueni, tazameni, tajeni jina, fungeni. Jumamosi ya tarehe 28 nami nitafanya vivyo hivyo kwa mke wangu, na mimi si mfalme.

7. Kwamba jiwe halijafunuliwa, na wala halipo.

Hapa ndipo ninapotoka kwenye malalamiko na kuingia kwenye msaada. Napendekeza mlifanyie kaburi lile shughuli kamili ya kufunua, kama tunavyofanya Soweto. Kwa vipimo alivyonisomea Tumu, na kwa blanketi la kawaida la watu wawili, yanatakiwa mablanketi elfu thelathini na tatu kulifunika lote. Nilikwenda Fordsburg kwa Mussa, muuza mablanketi ninayemfahamu, nikamweleza hitaji. Akaniuliza kama ni harusi. Nikamwambia ni mfalme wa Japani. Akafikiri kidogo, akasema anaweza, ila si kwa rangi moja.

Ng'ombe mtatoa ninyi. Sufuria wakwe zangu wanazo za kuazimisha, kubwa. Tatizo moja tu limebaki, nalo ni kwamba blanketi huvutwa na mjane au mgane wa marehemu, na kwa jinsi siku zilivyopita sidhani kama mfalme ana mjane aliye hai. Baada ya kutafakari sana nimeamua kujitolea mimi. Ugane ninao, suti ninayo, na nguvu za mikono bado zipo. Ikiwezekana shughuli yenu ifanyike kabla ya tarehe 28, ili niwe nimeshajaribu kwa mtu nisiyemjua.

Nikihitimisha, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo kabla ya mwisho wa mwaka: miti ikatwe, daraja lijengwe, kaburi lifunguliwe Jumamosi na Jumapili, na lango likabidhiwe kwa mtu mwenye uzoefu. Jina lake unalo hapo juu. Msipofanya hivyo sitakuwa na budi kuandika magazetini, na nitawaeleza wasomaji wa Afrika Kusini kwamba Japani kuna watu wanaoogopa kulifunua kaburi, wanaahirisha mwaka hadi mwaka, na kuahirisha huko wanakuita heshima.

Nisalimie yule mzee wa koti la bluu, na wanafunzi na mwalimu wao. Uwasalimie wafalme wengine wote walio katika vilima vidogo, ambao sikupata muda wa kukosa kuwaona. Vusumuzi anawasalimu ingawa hajui kama naandika. François, fundi wa mawe ya makaburi, Mkongo mwenye karakana hapa mtaani, naye anasalimu. Jiwe la Nomsa lipo kwake tayari tangu mwaka juzi, limefungwa nailoni, na kila mwisho wa mwezi ananipigia simu: "Papa Polycarp, ile jiwe ya mama iko inanikamatia nafasi, kuya uibebe." Jiwe hilo atalisimamisha Ijumaa ya tarehe 27, nikishatia sahihi karatasi yake.

Nabaki, kwa heshima na bila kuondoka langoni,

Polycarp Tibenda,
Mlinzi.

Baada ya kutia sahihi:

Mheshimiwa, tafadhali msifungue chochote. Hayo ya juu nimeyaandika tangu asubuhi na sasa ni saa nane mchana, na nimeona nisiifunge bahasha kabla sijasema la kweli.

Niliposimama pale kwenye maji nilimwambia Tumu kuwa nimekasirika kwa kuwa sioni kitu. Nilimdanganya. Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona watu wazima, wenye akili na heshima zao, wamesimama mbele ya kaburi wasilolisogelea, na hakuna anayewaita waoga. Ningeweza kukaa pale mpaka wanifukuze.

Kaburi la Nomsa liko dakika kumi na tano kwa teksi kutoka hapa nilipoketi. Sijakwenda hata siku moja. Karatasi ya François inayohitaji sahihi yangu ipo kwenye droo ya jikoni, nimeilalia miaka miwili. Jino lilikuwa zima. Zamu niliiomba mwenyewe. Kila nikirudi kutoka kazini nampa Nomsa habari za mlangoni, nani kaja, nani kagoma kuandika, kwa Kiswahili kilekile cha Morogoro, na mpaka leo hakuna aliyeniambia kwa maandishi kwamba hasikii. Jiwe likisimama yatakuwa ni maandishi.

Kwa hiyo ombi langu la kweli ni dogo. Mwandikieni Bwana Vusumuzi, kupitia anwani yangu hiyohiyo ya juu, barua fupi yenye mhuri mkubwa mwekundu, mumweleze kwamba katika familia za kifalme kaburi halifunuliwi kabla ya miaka elfu moja na mia sita. Anaheshimu sana mihuri. Atanielewa.

Nimetoka posta kuuliza. Karani amesema barua ya kawaida huchukua wiki nne mpaka sita kufika kwenu, na majibu vivyo hivyo. Kutoka leo mpaka Jumamosi ya shughuli ni siku kumi na tisa. Akaniuliza kama nataka kuituma kwa njia ya haraka, inafika kwa siku tano. Nikamwambia hapana, ya kawaida inatosha.